Kabla ya Kutoa Fedha: Namna ya Kuihudumia Kompyuta ya Nyumbani Iliyopungua Kasi

Mazungumzo ya elimu kwa mlaji yaliyotolewa kwa wakazi wa Kata ya Nyasubi, Kahama



Tunawashukuru kwa kuziacha shughuli zenu asubuhi hii. Tunafahamu kwamba mkazi wa Kahama hana saa ya kupoteza, awe anakoboa mpunga, anauza duka au anawahi basi la kwenda Geita. Kwa hiyo hatutawachosha. Tumekuja kuzungumza juu ya chombo ambacho zamani kilikuwa cha ofisini tu, na leo kimo sebuleni mwa mwalimu, chumbani mwa mwanafunzi na nyuma ya kaunta ya duka. Chombo hicho ni kompyuta. Na hasa tumekuja kuizungumzia kompyuta iliyochoka, ile ambayo mwenyewe huiwasha, akaenda kuchota maji, akarudi na kuikuta bado inazungusha kiduara.

Tuanze na kisa kilichotufikia, ambacho mwenyewe ameturuhusu kukisimulia bila kumtaja jina. Mama mmoja ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa miaka mitatu aliandika hisa, mikopo na marejesho ya wanachama wake katika kompyuta mpakato aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Kompyuta ile ikaanza kusuasua, naye akaipeleka kwa fundi. Fundi akaiwasha, akaitazama kwa dakika chache, akasema, "Mama, hii ina virusi, tunapiga Windows." Mama hakujua maana ya kupiga Windows. Alidhani ni kama kupiga pasi, kwamba nguo hubaki ileile ila mikunjo huondoka. Jioni akarudishiwa kompyuta yake ikiwa safi, safi kabisa: vitabu vya kikundi havimo.

Kikundi kililazimika kukusanya madaftari ya wanachama, mmoja baada ya mwingine, na kuanza hesabu upya. Waliotunza daftari walithibitisha hisa zao. Waliolipoteza walibaki na neno lao tu. Yuko mwanachama ambaye mpaka leo anaamini kwamba mama yule alificha hesabu kwa makusudi. Na baada ya miezi miwili kompyuta ikarudia kusuasua, kwa kuwa maradhi yake hayakuwa virusi. Ilipofunguliwa na fundi mwingine, feni yake ilikutwa imezibwa na vumbi lililoshikamana kama pamba.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari lenyewe laweza kuisha bila habari. Ndiyo maana tumeyapanga mazungumzo haya kwa utaratibu ambao tungependa kila kaya iufuate: kwanza kuhifadhi nakala, pili kutafuta chanzo, tatu kufanya matengenezo yasiyo na gharama, nne kununua kipuri kama kinahitajika, na mwisho kabisa kufikiria kompyuta nyingine.

Nakala kwanza

Kabla ya kugusa chochote, nakilini kazi zenu. Tazameni mahali pa nyaraka, mahali pa picha, na vitu vyote mlivyoviacha juu ya uso wa skrini, kwa maana watu wengi huhifadhi humo bila kujua. Vinakilini kwenye flashi au kwenye diski ya nje. Wenye kifurushi cha intaneti wanaweza pia kuhifadhi nakala mtandaoni. Akaunti ya kawaida ya Google, kwa mfano, hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo.

Nakala moja haitoshi, kwa sababu flashi hupotea na huharibika. Wekeni mbili, na moja ikae nje ya nyumba, kwa ndugu au ofisini. Kisha zifungueni katika kompyuta nyingine kuhakikisha kwamba zinasomeka. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni ahadi tu. Kwa vikundi vya kuweka na kukopa tunaongeza ushauri mmoja: kila mwisho wa mwezi chapisheni ukurasa wa jumla ya hisa na mikopo, viongozi wausaini, na uwekwe katika sanduku la kikundi.

Iwapo diski ya kompyuta inatoa mlio wa kugongagonga, au mafaili yanakataa kufunguka, msiendelee na jambo lingine lolote. Hizo ni dalili za diski inayokufa. Nakilini yaliyo muhimu kwanza, kisha izimeni na kutafuta fundi.

Kutafuta chanzo

Mchimbaji mdogo hawezi kuingiza fedha zake zote katika duara kabla ya kuosha sampuli. Nasi tusitoe fedha kwa fundi kabla ya kupima.

Kipimo cha kwanza ni saa. Chukueni simu, hesabuni muda tangu kubonyeza kitufe cha kuwasha hadi kompyuta ikubali kufungua barua au jedwali. Uandikeni. Bila namba hiyo hamtajua kama matengenezo yamesaidia, wala hamtaweza kumwambia fundi kwamba hakufanya kitu.

Kipimo cha pili ni kutenganisha kompyuta na mtandao. Fungueni kazi isiyohitaji intaneti, kama barua iliyomo ndani ya kompyuta. Ikifunguka upesi huku kurasa za mtandaoni zikichelewa, kompyuta yenu haina kosa. Tatizo ni mtandao, kifurushi, au mahali mlipokaa. Tumekutana na watu waliolipia matengenezo ya kompyuta nzima ilhali ugonjwa ulikuwa katika modemu.

Kipimo cha tatu ni kuianzisha upya. Wengi wetu hufunika tu kompyuta mpakato na kuifunua kesho, wiki nzima. Tena katika Windows za siku hizi, hata kuizima kwa njia ya kawaida mara nyingi hakuifuti kumbukumbu yote ya mfumo, kwa kuwa kompyuta huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake upesi siku ya pili. Kuichagulia kuwaka upya, yaani Restart, ndiko huanza kila kitu mwanzo. Fanyeni hivyo kabla ya kuhukumu.

Ikiwa bado inasuasua, tuingie ndani. Ili tuelewane, ifikirieni kompyuta kama karakana ya seremala. Prosesa ni mikono ya seremala. RAM ni meza yake, ambapo huweka mbao anazozifanyia kazi sasa hivi. Diski ni stoo, ambako vitu hukaa hata umeme unapokatika. Meza ikiwa ndogo na kazi zikawa nyingi, seremala hulazimika kupeleka ubao stoo, kuchukua mwingine, kisha kuurudisha ule wa kwanza. Mikono yake ni mizima, lakini siku nzima inakwisha kwa kutembea.

Sasa bonyezeni kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager, linaloonyesha kwa asilimia matumizi ya prosesa, ya RAM na ya diski. Safu iliyokaa karibu na asilimia 100 kwa muda mrefu, hali ninyi hamfanyi kazi kubwa, ndiyo inayowaonyesha mahali pa kuanzia. Na chini yake mtaona majina ya programu zinazokula nguvu hiyo.

Matengenezo yasiyo na gharama

La kwanza ni kuzipunguza programu zinazojiwasha zenyewe. Programu nyingi zikishaingizwa hujiandikisha ziwake kila kompyuta inapowashwa, hata kama mwenye nyumba huzitumia mara moja kwa mwaka. Katika dirisha lilelile la Task Manager kuna sehemu iliyoandikwa Startup. Izimisheni humo ile msiyoihitaji asubuhi. Kuizimisha humo si kuifuta. Mtaifungua wenyewe mkiihitaji. Msiizimishe ya kinga ya virusi, wala ile ambayo hamjajua kazi yake.

La pili ni kuziondoa kabisa programu zisizotumika. Kompyuta nyingi zilizotumika huja na mizigo ya mwenyewe wa zamani: michezo, vifaa vya printa isiyokuwapo, programu za majaribio zilizokwisha muda. Ziondoeni kwa njia ya mipangilio ya kompyuta yenyewe, si kwa kufuta folda zake, kwa maana kufuta folda huacha mizizi.

La tatu ni nafasi katika diski. Diski iliyojaa pomoni huinyima Windows mahali pa kuweka kazi zake za muda na mahali pa kupokelea masasisho. Kanuni ya kawaida ya mafundi ni kuacha wazi kati ya asilimia 10 na 20. Anzeni na filamu na video zilizoingia kutoka kwenye simu. Zihamishieni diski ya nje. Mwageni pipa la taka. Kisha ndani ya Settings, sehemu ya Storage, kompyuta itawaonyesha mafaili ya muda yanayoweza kufutwa. Hapo tuna onyo: katika orodha hiyo hutokea pia folda ya Downloads, ambamo wengi wetu huweka vyeti, fomu na barua tulizozipokea. Hakikisheni haikuwekewa alama kabla ya kubonyeza kitufe cha kufuta.

La nne ni virusi. Si kila kompyuta iliyochoka ina virusi, lakini zipo zilizo navyo, hasa ambazo flashi zake hutembea kila siku kati ya nyumbani na maduka ya steshenari. Windows 10 na Windows 11 zina kinga yake ndani, iitwayo Defender, isiyolipiwa. Iambieni ikague kompyuta nzima usiku mkiwa mmelala. Msiweke kinga mbili au tatu mkidhani ulinzi utaongezeka; walinzi watatu wanaokagua kila mgeni mlangoni huchelewesha foleni, na hugombana wao kwa wao.

Jihadharini zaidi na wanaojitangaza. Ukurasa wa mtandaoni unaowaka ghafla na kudai kwamba kompyuta yenu ina virusi, kisha ukawapa namba ya kupiga au programu ya kupakua, unasema uongo. Ukurasa wa tovuti hauwezi kuikagua diski yenu. Hali kadhalika programu zinazoahidi kuongeza kasi kwa mguso mmoja, nyingi hazifanyi zaidi ya yale tuliyokwisha kuyataja, na baadhi yake ndizo mzigo wenyewe. Msimruhusu mtu msiyemjua aingie katika kompyuta yenu akiwa mbali. Na programu zilizovunjwa kufuli, zinazouzwa kwa bei ya chupa ya soda, ni njia kubwa ya kuingizia virusi. Aliyeivunja kufuli hawezi kuwadhamini alichokiacha ndani.

La tano ni masasisho. Ni kweli kwamba sasisho linapoingia kompyuta huelemewa, na kifurushi huliwa. Lakini kuyafunga masasisho kabisa ni kuacha mlango wazi. Njia ya kati ni kuiarifu Windows kwamba mtandao wenu ni wa kulipia kwa kipimo, ili isipakue ovyo, kisha kutenga usiku mmoja wenye kifurushi cha kutosha ili imalize kazi yake.

Vumbi, joto na umeme

Sasa tuje kwenye adui wa kwetu. Tunaishi mahali ambapo kiangazi huanza kabla ya katikati ya mwaka na mvua husubiriwa hadi mwishoni mwake. Katika miezi hiyo barabara za mitaa hupeperusha vumbi, mashine za kukoboa hupuliza pumba, na kwa jirani zetu wa machimboni karasha hazilali. Kompyuta ina feni inayovuta hewa ya nje ili kuipoza prosesa. Inavuta hewa, na inavuta vilivyomo katika hewa.

Vumbi likiziba njia, joto hukaa ndani. Prosesa imeundwa kujilinda: inapofikia kikomo chake, ambacho kwa nyingi ni karibu nyuzi 100 za Selsiasi, hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Hii ndiyo sababu kompyuta huwaka vizuri asubuhi na kusuasua saa nane mchana, na hii ndiyo iliyomfika mama wa kisa chetu. Hakuna Windows mpya inayoweza kuondoa vumbi.

Dalili zake ni feni inayovuma bila kukoma, sehemu ya chini inayochoma mapajani, na kuzimika ghafla. Dawa yake ni hii. Zimeni kompyuta, chomoeni waya, na kama betri hutoka, itoeni. Itoeni nje ya nyumba. Pulizeni matundu yake kwa pampu ya mkono au mashine ya kupulizia, kwa mipulizo mifupi. Kama feni inaonekana, ishikilieni isizunguke kwa kasi ya upepo, kwani yaweza kuharibika. Msitumie maji, wala kitambaa chenye maji, ndani ya matundu. Kompyuta ya mezani hufunguka ubavuni kwa skurubu chache, na kuisafisha si kazi ngumu. Kompyuta mpakato ambayo haijafunguliwa kwa miaka mingi ni afadhali apewe fundi, ili abadilishe pia ile dawa ya kupitishia joto iliyo kati ya prosesa na kipozeo chake, ambayo hukauka.

Katika msimu wa kiangazi, fanyeni usafi huu mara moja kila baada ya miezi michache. Msiiweke kompyuta mpakato juu ya godoro au mto, kwa kuwa kitambaa huziba pumzi yake. Ubao mmoja wa kawaida watosha. Ifunikeni kitambaa ikiwa imezimwa na kupoa, si ikiwa inafanya kazi.

Kuhusu umeme, nchini mwetu umeme wa majumbani ni wa volti 230, lakini hupanda na kushuka, na unaporudi baada ya kukatika huja kwa kishindo. Kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme huzimika katikati ya kuandika, na kuzimika huko huweza kuharibu mafaili ya mfumo, nayo ikaanza kusuasua. Mwenye uwezo na anunue kifaa hicho. Asiye na uwezo, angalau azizime na kuchomoa plagi umeme unapokatika na wakati wa radi.

Kipuri kabla ya kompyuta mpya

Ikiwa yote hayo yamefanyika na saa yenu bado inaonyesha muda uleule, hapo ndipo fedha inapoingia. Hata hapo, msiruke moja kwa moja kwenye kununua kompyuta nyingine.

Kama Task Manager ilionyesha diski ikikaa asilimia 100, yaelekea mna diski ya zamani ya sahani zinazozunguka, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kila inapotafuta kitu, sindano yake husafiri juu ya sahani, safari inayochukua karibu sehemu 10 kati ya 1,000 za sekunde. Ni muda mfupi kwetu, lakini kuwasha kompyuta kunahitaji maelfu ya safari hizo. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na hupata kitu kwa muda ulio mfupi mara nyingi zaidi. Kwa kompyuta ya zamani, kubadilisha diski kuwa SSD ndilo badiliko ambalo mtu wa kawaida huliona kuliko yote. Kumbukeni pia kwamba diski ya sahani hunufaika kwa kupangwa upya kwa mafaili yake, ilhali SSD haihitaji kupangwa kwa namna hiyo. Iacheni Windows iihudumie yenyewe.

Kama kilichojaa ni RAM, ongezeni meza. Kompyuta yenye GB 4 ikiongezwa kuwa GB 8 hupumua. Lakini RAM ni za aina mbalimbali. Ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Basi nendeni dukani na kompyuta yenyewe, au na maelezo kamili ya muundo wake.

Lipo pia suala la umri wa Windows. Kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma za kawaida kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki siku hiyo, ila masasisho ya kawaida ya usalama hukoma. Windows 11 inahitaji angalau RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Anayetaka kuuziwa kompyuta iliyotumika na aulize swali hilo kabla ya kulipa. Na mwenye kompyuta isiyokubali Windows 11 aweza kufikiria mfumo huria wa Linux, usiolipiwa leseni, ambao baadhi ya matoleo yake ni mepesi kwa mashine kuukuu. Programu huria si jambo geni kwetu: tangu mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice.

Mbele ya fundi na mbele ya muuzaji

Ndugu zetu, mafundi wengi wa Kahama ni watu waaminifu, na baadhi yao wamo humu ndani. Mapatano ya maandishi humlinda fundi kama yanavyomlinda mteja. Kabla ya kuiacha kompyuta, andikeni katika karatasi moja mambo haya: aina ya kompyuta na namba yake ya utambulisho, ukubwa wa RAM na wa diski iliyomo, tatizo, kazi iliyokubaliwa, bei, siku ya kuichukua, na sentensi moja isemayo kwamba hakuna kitakachofutwa bila ridhaa ya mwenyewe. Wote wawili wasaini. Kipuri kikibadilishwa, ombeni mrudishiwe kile cha zamani. Na akisema neno msilolielewa, kama kupiga Windows, muulizeni: "Kazi zangu zitabaki au zitaondoka?" Hakuna aibu katika kuuliza; aliyeona aibu katika kisa chetu alilipa zaidi.

Sheria ziko upande wa mlaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumdanganya mlaji kuhusu sifa, ubora au hali ya bidhaa na huduma. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inapinga bidhaa bandia, zikiwamo RAM na diski zilizobandikwa majina yasiyo yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kuingia katika mafaili ya mwingine bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa zenu. Picha za familia si malipo ya ziada ya fundi.

Lakini sheria hutembea kwa ushahidi. Daini risiti ya mashine ya kielektroniki, iliyoandikwa bidhaa yenyewe, si neno "vifaa" tu. Itunzeni pamoja na karatasi ya dhamana. Kwanza rudini kwa muuzaji na kuzungumza naye kwa heshima. Mengi huishia hapo. Yasipoishia hapo, pelekeni malalamiko kwa maandishi, mkiambatisha risiti na yale mapatano.

Hatimaye, kabla ya kuuza au kutupa kompyuta yoyote, nakilini yenu kisha futeni diski, au iondoeni mbaki nayo. Betri zake na vyuma vyake visichomwe moto jalalani, kwani moshi wake ni sumu kwa watoto wanaocheza karibu.

Turudi kwa mama yetu. Kompyuta yake ilisafishwa vumbi, ikawekewa dawa mpya ya kupitishia joto, na leo inafanya kazi. Hakununua nyingine. Vitabu vya kikundi vinaandikwa humo tena, na kila mwisho wa mwezi ukurasa uliochapishwa husainiwa na kuingia sandukuni. Kompyuta ilitengenezeka kwa jioni moja. Imani ya yule mwanachama mmoja haijatengenezeka bado, nayo haina fundi wala kipuri. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kuta nyingine, ndugu zetu, ni kati ya mtu na jirani yake.

Basi leo jioni mtakapofika nyumbani, msianze na kasi. Anzeni na flashi. Nakilini kwanza, kisha chukueni saa mpime.

 Sasa tunakaribisha maswali.